Balbu Inawaka Saa Nne Asubuhi

Mwezi uliopita niliingia chumba kimoja cha kupanga pale Mwanga, Kigoma. Saa nne asubuhi, jua limewaka hasa, na balbu inawaka. Mama mwenye chumba alikuwa kizingitini na ungo, anachambua maharage, maana ndani haoni mawe. Dirisha lipo, tena pana, ila limetazamana na ukuta wa jirani, hatua moja tu.

Chumba kikiwa na giza wengi hufikiria kupanua dirisha. Kinachosaidia zaidi ni kulipandisha. Kwa kawaida mwanga wa kutosha hufika ndani umbali wa kama mara mbili ya kimo cha dirisha, ukipima kutoka sakafuni hadi ukingo wake wa juu. Likiishia mita 1.5, utapata mita 3. Likifika kwenye lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha, kimo cha mita 2.1, utavuka 4. Mwambie fundi mapema. Lenta ikishamwagwa, hapo ni kubomoa.

Sisi wa Kigoma tuna mtego wetu. Ziwa Tanganyika liko magharibi, na kila mwenye kiwanja anataka kuliona akiwa sebuleni. Lakini jua la alasiri huja limeinama, linapenya mpaka kitandani, na ukuta uliolishiba hutoa joto hadi usiku. Tuko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mchana jua hupita juu ya paa, mwezi wa 6 likiegemea kaskazini, wa 12 kusini. Madirisha ya pande hizo mbili, yakiwa na upenu wa maana, huleta mwanga bila kuunguza. Ukilitaka ziwa, sawa, jenga baraza upande huo, na mwembe uliopo usiukate.

Mwili una saa yake, na mwanga wa asubuhi machoni ndio unaoiweka sawa. Anayeshinda gizani, usiku usingizi humkimbia. Bakteria wa kifua kikuu nao hufa wakipigwa na jua. Vitamini D ni habari nyingine: kioo huzuia miale inayoitengeneza, basi mtoto atoke nje.

Yule mama nyumba si yake, kubomoa hawezi. Tulizungumza na jirani, akakubali ukuta wake upakwe chokaa. Ulikuwa wa tofali za kuchoma, mwekundu, unameza mwanga wote. Siku hizi maharage anachambulia ndani, ingawa kona ya kitanda bado ina giza.