Namba ya kilomita 21 na mimba ya wiki 22

Alisubiri mpaka wenzake wote wakatoka, ndipo akasogeza kiti. Kadi ya kliniki mkononi, raba za kukimbilia miguuni, na kanga ameizungusha kiunoni kuficha suruali ya mazoezi.

"Shikamoo sista."

"Marahaba mama. Karibu."

"Sista, nimelipia kilomita 21. Namba yangu imeshatoka. Mama mkwe akijua, atanimaliza."

Mimba ilikuwa ya pili, wiki ya 22, na mbio zilikuwa wiki tano mbele. Alitegemea nimgombeze au nimpigie makofi. Mimi nikamuuliza maswali matatu: anakimbia saa ngapi, akiwa mbioni anaweza kupiga soga na mwenzake, na mara ya mwisho wingi wa damu ulisoma ngapi. La tatu hakulijua. Nikafungua kadi: 10.2. Tutarudi hapo.

Mimi ni mkunga hapa Dar es Salaam, na ni mkimbiaji. Swali hili, kama mjamzito anaweza kukimbia mbio ndefu, zamani lilinijia mara moja kwa mwaka. Sasa hivi, kila wikiendi ikiwa na marathoni yake, nalisikia mara kwa mara. (Kwetu kila mbio ni marathoni, hata za kilomita 5. Nimeshaacha kubishana.) Jibu langu huwavunja moyo wanaotaka ndiyo au hapana, kwa sababu umbali ndio ninaouangalia mwisho. Natazama kwanza kasi, joto, damu, na ulikuwa unakimbia kiasi gani kabla ya kushika mimba.

Nianze na hilo la mwisho kwa kuwa ni fupi. Kama hukuwa mkimbiaji, mimba siyo wakati wa kuanza mbio ndefu. Tembea. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linashauri mjamzito asiye na tatizo apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kunatosha kabisa kuzijaza. Aliyekuwa anakimbia anaweza kuendelea, ilimradi anayemhudumia kliniki anajua na hakuna kinachomzuia. Huyu mama alikuwa na miaka minne kwenye klabu ya jogging ya mtaani kwao, kila Jumapili kilomita 10 hadi 15. Msingi alikuwa nao.

Sasa damu. Mwili wa mjamzito huongeza damu kwa asilimia 40 hadi 50, lakini maji ya damu huongezeka kwa kasi kuliko chembe nyekundu. Ni kama mchuzi ulioongezwa maji wageni walipofika: sufuria imejaa, ladha imepungua. Ndiyo maana kipimo hushuka kidogo hata kwa anayekula vizuri. Chini ya gramu 11 kwa desilita tunasema ana upungufu. Na chembe hizo ndizo zinazobeba oksijeni ya watu wawili, huku moyo ukiwa tayari unapiga mapigo 10 hadi 20 zaidi kwa dakika mama akiwa amekaa tu kwenye benchi letu la mbao. Mwenye 10.2 akienda kilomita 21 anautaka mwili ulipe deni kwa fedha usiyokuwa nayo.

Hayo mapigo ndiyo yanayofanya saa za kisasa zidanganye. Dada mmoja alinionyesha yake inamwambia yuko kwenye "kasi ya juu" wakati anapanda ngazi za ofisini. Mwaka 1985 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kiliweka kikomo cha mapigo 140 kwa dakika, 1994 kikakiondoa. Miaka zaidi ya 30 baadaye bado nasikia "140" ikitajwa kama amri. Kipimo ninachokiamini hakina betri: kimbia huku unaongea. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kuikata katikati, uko salama. Ukianza kujibu "mh" na "eeh", punguza. Ukikimbia peke yako, imba, majirani watakuzoea.

Kwa nini kasi inanitisha kuliko kilomita? Mwaka 2012 watafiti wa Norway walichapisha kazi waliyofanya na wanariadha sita wa kiwango cha Olimpiki, wenye mimba za wiki 23 hadi 29. Waliwakimbiza kwenye mashine huku wakipima kwa ultrasaundi damu inayokwenda kwenye mji wa mimba na mapigo ya moyo wa mtoto. Mama alipovuka asilimia 90 ya uwezo wa juu wa moyo wake, na damu ya mji wa mimba ikashuka chini ya nusu, moyo wa mtoto ulipunguza mapigo. Mama alipoacha kukimbia, ulirudi haraka. Wanawake sita ni wachache mno kujengea sheria. Lakini picha ile sijaisahau: misuli ya miguu inaita damu, ngozi inaita damu ili ipoe, na mtoto anapata kinachobaki.

Fikiria sasa mita 300 za mwisho za mbio zozote za hapa mjini. Muziki uko juu, MC anaita namba yako, kamera zinakusubiri, na mbele yako kuna kijana anayetembea ambaye unajua utampita. Nani hatafyatuka? Mimi mwenyewe nisingejizuia. Ndiyo maana namwogopea mjamzito mwenye namba kifuani kuliko yule anayekimbia umbali uleule Jumatano alfajiri na shoga yake.

Kuhusu umbali wenyewe, utafiti mkubwa ninaoupenda ni wa Uingereza, uliochapishwa 2018. Uliwauliza wanawake 1,293 waliokuwa wakishiriki parkrun, zile mbio za bure za kilomita 5 za kila Jumamosi. Walioendelea kukimbia wakiwa wajawazito walilinganishwa na walioacha. Muda wa mimba haukutofautiana, wala uzito wa watoto. Kilichotofautiana kidogo ni kwamba walioendelea walisaidiwa zaidi kwa vifaa vya kuvutia mtoto wakati wa kujifungua. Kwa hiyo yale ya mtoto "kudondoka" au "kutikisika akili" tuyaache. Ila hao ni wakimbiaji wa bustani wenye afya njema. Hawatuambii kitu kuhusu kilomita 42, yaani marathoni kamili.

Wa kilomita 42 wananitumia kwa WhatsApp habari ya Amber Miller, Mmarekani aliyemaliza marathoni ya Chicago Oktoba 2011 akiwa karibu wiki ya 39, na akajifungua saa chache baadaye. Habari ni ya kweli. Lakini soma na muda wake: saa 6 na dakika 25, akichanganya kukimbia na kutembea, baada ya kuongea na daktari wake, naye alikuwa mzoefu wa umbali huo. Wengine hunitajia Wakenya. Hapo nawakatisha. Vivian Cheruiyot alijifungua 2013, dhahabu yake ya mita 10,000 Beijing ni ya 2015. Peres Jepchirchir alijifungua 2017, akatwaa marathoni ya Olimpiki 2021. Hao wanatufundisha namna ya kurudi baada ya uzazi, na kurudi kwao kulichukua muda.

Joto la Dar linahitaji aya yake. Jasho hupoza mwili linapokauka; hapa kwetu, hasa Desemba hadi Machi, hewa imejaa unyevu na jasho linatiririka tu bila kukauka. Mimba ikiwa changa, mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga takribani wiki nne baada ya mimba kutunga, mara nyingi mama hajajua hata kama anayo, na joto la mwili kupita nyuzi 39 wakati huo hatulitaki. Mimba ikishakua, upungufu wa maji huufanya mji wa mimba ukaze. Kwangu sheria ni kwamba saa 1 asubuhi niwe nimeshavua raba. Na ukiamka na homa, hakuna "nitaitoa kwa jasho". Nenda kapime malaria.

Nilijifunza kitu kingine mwenyewe juu ya Daraja la Tanzanite, wiki ya 27 ya mimba yangu ya mwisho. Nilikuwa natokea upande wa Coco Beach, polepole kabisa, upepo wa bahari mzuri, mara nikahisi maji moto mapajani. Mkunga mzima nikasimama nimeshika ukingo wa daraja nikidhani chupa imepasuka. Ulikuwa mkojo. Mtoto, maji yake na kondo la nyuma vyote vinakalia misuli ya sakafu ya nyonga, homoni zimeshazilegeza kano zinazofunga maungio, halafu kila hatua ya mbio inapiga juu yake. Niliporudi nyumbani nilianza kuifanyia kazi misuli ile: bana kama unazuia ushuzi mbele ya wakwe, hesabu mpaka tano, achia taratibu, rudia. Kukimbia niliacha wiki hiyo nikabaki na kutembea, maana kuvuja kulikuwa kunaniambia mzigo umezidi. Vivyo hivyo maumivu ya kinena: ukishindwa kusimama mguu mmoja kuvaa nguo ya ndani, mbio zimeisha kwa mimba hiyo.

Kuna ambao siwaruhusu kabisa: wenye presha ya mimba, wanaotoka damu bila kukoma, ambao kondo limekaa chini baada ya wiki ya 26, walioshonwa mlango wa kizazi, au wenye upungufu mkubwa wa damu. Na yeyote akiwa njiani akaona damu au maji ukeni, tumbo likikaza kwa maumivu yanayorudi, kizunguzungu, kifua kubana, kichwa kuuma sana na macho kuona maluweluwe, au shavu la mguu mmoja kuvimba na kuuma, asimalizie hata hiyo kilomita moja iliyobaki. Apande bodaboda? Hapana, gari. Aje.

Basi, yule mama wa 10.2. Tulipatana kama tuko sokoni. Nilisema mbio hizi aziache. Akasema 10. Nikasema 5, nusu kutembea, na kama kipimo cha wiki nne zijazo kimepanda. Nikamuuliza anamezea nini vidonge vya kuongeza damu. Akasema chai ya maziwa, asubuhi. Chai inazuia madini ya chuma yasinyonywe. Nikamwambia amezee maji na chungwa, chai aiache kwanza kwa muda wa saa mbili. Aliporudi kilisoma 11.1, akaenda kilomita 5 na dada yake. Namba ya 21 sijui aliipeleka wapi, sikuuliza.

Nilimwona tena mtoto alipoletwa chanjo ya wiki ya 14. Mama alikuwa amefungwa mkaja kwa wiki sita na mama mkwe, tumbo limelala, na akaniuliza kama sasa ruksa. Miezi mitatu imepita, nikasema, dakika 30 za kutembea huvuji? Havuji. Mguu mmoja unasimama sekunde kumi? Akasimama. Haya, rukaruka kwa huo mguu mmoja mara kumi. Akanipa mtoto, akakunja kanga. Mara ya nne akasimama ghafla, akabana mapaja, akaanza kucheka.

"Bado, sista."