Kijiti chenye mafuta: kupima umahiri katika Elimu ya Viungo na Afya, British Columbia

Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote katika vipindi vya Elimu ya Viungo na Afya British Columbia, mkoa wa Kanada, ni hili: mwalimu anaingiza mchezo mmoja wa Mataifa ya Kwanza (kundi mojawapo la wenyeji wa asili wa Kanada) kwenye muhula, halafu anapima kama alivyozoea kupima mbio na mpira wa kikapu. Nani kashinda, nani karuka juu zaidi. Mchezo umebadilika, kipimo ni kilekile, na mtoto anayaamini yale yanayopimwa.

Mtaala wenyewe unaruhusu zaidi ya hapo. Tangu mwaka wa masomo 2016/17, chekechea hadi darasa la 9, umejengwa juu ya mambo matatu: mwanafunzi ajue nini, aweze kutenda nini, aelewe nini. Kinachobeba uzito ni kule kutenda, yaani umahiri. Katika somo letu umahiri umegawanywa katika mafungu manne: uwezo wa kutumia mwili, maisha yenye afya na shughuli, afya ya jamii, na ustawi wa akili. Pembeni yake kuna Misingi ya Kujifunza ya Mataifa ya Kwanza, tisa kwa jumla, iliyoandaliwa na kamati ya elimu ya Mataifa ya Kwanza, FNESC, pamoja na wizara, mwaka 2006 na 2007. Msingi mmoja unasema kujifunza kunahitaji subira na muda. Mwingine unasema kujifunza ni mahusiano: kupeana na kupokea, na kujua uko mahali gani. Mwingine unasema kuna maarifa matakatifu ambayo hutolewa kwa ruhusa tu, au katika mazingira fulani tu.

Ukiibandika ukutani, misingi hii haifanyi kazi yoyote. Hufanya kazi inapoamua unatafuta ushahidi gani, lini, na kutoka kwa nani.

Chukua mchezo wa kuvuta kijiti wa watu wa Dene, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Kanada. Kijiti kina urefu wa sentimita 30 hivi, kinene katikati na chembamba kuelekea ncha zote mbili, kimepakwa mafuta. Wachezaji wawili husimama ubavu kwa ubavu, kila mmoja ameelekea upande wake, miguu ya ndani ikigusana. Kila mmoja anashika ncha yake kwa mkono mmoja. Ishara ikitolewa, wanavuta moja kwa moja nyuma mpaka kijiti kimponyoke mmoja wao. Ni marufuku kukurupusha, yaani kuvuta kwa mshtuko wa ghafla, ni marufuku kupinda kifundo cha mkono, na mkono wa pili haugusi kitu. Atakayeshinda mara mbili kati ya tatu ndiye mshindi. Mchezo huu ulizoesha mkono kumshika samaki mkiani bila kumwachia.

Darasani mafuta mazito ya kupikia yanatosha. Paka kiasi cha punje ya mahindi kila upande, usambaze mpaka kijiti king'ae bila kudondosha. Mafuta yakizidi, kila jaribio linakwisha kwa nusu sekunde na hakuna cha kutazama. Yakipungua, mchezo unageuka mashindano ya mabega, na hapo ndipo maumivu huanzia: mtoto anayeshindwa kushika hukurupusha ili afidie, na bega la mwenzake ndilo linaloumia. Weka kitambaa kikavu kwa kila jozi, na vijiti viwili viwili ili kimoja kikiwa kinafutwa kingine kinatumika. Kwenye kijiti chenye mafuta, kushika kwa akili kunashinda msuli mara nyingi kuliko watoto wanavyotarajia, kwa hiyo mtoto mdogo kwa mwili ana nafasi ya kweli. Hilo lisemwe wazi kabla ya kuanza.

Sasa kipimo. Tuseme umahiri uliouchagua ni kuonyesha usalama, uungwana na uongozi katika shughuli za mwili. Ngazi za mkoa kwa madarasa haya ni nne, nami huziita anachipukia, anakua, mahiri na anapanua. Kwa kijiti, naziandika hivi. Anayechipukia anafuata kanuni akikumbushwa. Anayekua anajichunga mwenyewe bila kukumbushwa, ila bado hamtazami mwenzake. Mahiri anamsoma mwenzake: anaona kifundo kimeanza kupinda, anasimamisha, anaeleza kosa liko wapi. Anayepanua anarekebisha mchezo ili mwenzake apate kujifunza, kwa mfano kupunguza mafuta upande wa mwenzake au kubadilisha mkono, na anaweza kusema kwa nini. Hakuna ngazi hata moja inayotaja ushindi. Mwalimu anayempa "anapanua" mtoto mwenye mkono wa chuma amepima kitu kingine kabisa.

Katika darasa la watoto 28 huwezi kuwatazama wote kwa makini katika kipindi kimoja, na ukijaribu utaishia kuandika yale unayoyadhani. Chagua saba kwa kila kipindi. Vipindi vinne vinawamaliza. Kwa kila mtoto andika sentensi moja ya ulichokiona na moja ya ulichokisikia kutoka kwake. "Alisimamisha mara mbili, akamwonyesha mwenzake dole gumba likae wapi" ni ushahidi. "Ana ushirikiano mzuri" si ushahidi. Baada ya vipindi hivyo vinne usitafute wastani. Mtoto aliyeanza kwa kukurupusha na sasa anamfundisha mwenzake ni mahiri leo, na ripoti iseme leo. Kumkata alama za wiki ya kwanza ni kuandika "subira na muda" ukutani na kuifuta kwenye daftari la alama.

Ukitaka kuona umahiri wa mahusiano kwa macho, nenda kwenye teke la juu la mguu mmoja, mchezo wa watu wa Aktiki unaochezwa hadi leo kwenye Michezo ya Majira ya Baridi ya Aktiki, iliyoanza Yellowknife mwaka 1970. Mpira mdogo unaning'inizwa kwa kamba. Mchezaji anaruka kwa miguu yote miwili, anaugusa mpira kwa mguu mmoja, kisha anatua kwa mguu uleule uliogusa na kubaki amesimama wima. Majaribio ni matatu kwa kila kimo. Mpinzani, ambaye baada ya dakika moja atataka kukushinda, anautuliza mpira usiyumbe na kukuambia uchelewe kidogo kuinua goti. Desturi hiyo ya kumfundisha mshindani wako imo ndani ya mchezo. Ukiiondoa ili "kuokoa muda", kinachobaki ni mazoezi ya kuruka tu.

Anzia kimo cha nyonga cha kila mtoto, panda sentimita 5 kwa 5. Sakafu iwe kavu na isiyoteleza. Usiweke godoro laini nene mahali pa kutua: kutua kwa mguu mmoja juu ya kitu kinachobonyea ndiko kunakopinda kifundo cha mguu.

Kisha swali ambalo wengi hulikwepa: mchezo huu ni wa nani? Mkoa huu una zaidi ya Mataifa ya Kwanza 200 na lugha zaidi ya 30. Dene wapo kaskazini mwa mkoa. Teke la juu limetoka Aktiki. Shule iliyoko Vancouver iko kwenye ardhi ya mataifa ya Musqueam, Squamish na Tsleil-Waututh, na kwao kijiti na teke ni wageni. Sema hivyo mbele ya watoto. Vilevile gurudumu la tiba, duara lenye sehemu nne linaloashiria uwiano wa maisha, ambalo vitabu hulichora kana kwamba ni la wote, ni la mataifa ya nyanda zaidi kuliko ya pwani hii. Kabla ya kumwalika mzee, pitia idara ya elimu ya Wenyeji wa Asili ya wilaya yako, uliza itifaki ya mahali hapo na heshima anayostahili, na upange malipo mapema. Sherehe, jasho la kutakasa (ibada ya kukaa ndani ya kibanda chenye mvuke wa moto) na dawa za mimea si shughuli za kuigiza darasani, na hazipewi alama kamwe.

Upande wa afya ndio uliopuuzwa zaidi, na ndio wenye uzito. Mtaala unataka mwanafunzi achambue ujumbe wa afya na nia iliyo nyuma yake. Walimu hutumia tangazo la soda. Mimi ningetumia mwongozo wa taifa wa chakula. Lionel Pett, aliyekuwa mstari wa mbele kuandika kanuni za chakula za Kanada za mwaka 1942, aliongoza pia majaribio ya lishe kati ya 1948 na 1952 katika shule sita za bweni ambako watoto wa Wenyeji wa Asili walitenganishwa na familia zao, mojawapo Port Alberni, mkoani humuhumu. Watoto waliokuwa tayari na utapiamlo waliachwa na upungufu ili walinganishwe na wenzao, bila wao wala wazazi kuombwa ridhaa. Mwanahistoria Ian Mosby alilianika jambo hilo mwaka 2013.

Somo hili ni la darasa la 8 kwenda juu, vipindi viwili. Cha kwanza ni cha ukweli wenyewe, na mtoto yeyote anaruhusiwa kutoka nje bila kueleza sababu. Ndugu zake wanaweza kuwa walipitia huko. Cha pili, weka zile kanuni za 1942 kando ya mwongozo wa mwaka 2007 uliotolewa kwa ajili ya Mataifa ya Kwanza, Inuit na Métis (makundi matatu ya wenyeji wa asili wa Kanada), wenye samaki, nyama ya porini na matunda ya mwituni. Uliza maswali matatu: nani aliandika, nani aliulizwa, nani alibeba matokeo. Mtoto anayeishia kusema "serikali ilikosea" bado anakua. Mahiri anaonyesha jinsi ujumbe uleule wa "kula hivi" unavyobadilika kulingana na nani ana samaki mtoni na nani alikatazwa kuvua. Mpe wiki moja kabla ya kuandika jibu lake la mwisho, na umruhusu alilete kwa mdomo.