Kupaa sio lazima mikscha iwe ful richi

Nimechoka kusikia walimu wa urubani wa ndege ndogo wakisema "kupaa ni ful richi", yaani nobu ya mafuta isukumwe mpaka mwisho, halafu inafundishwa hivyohivyo kama amri, bila kuuliza uwanja uko wapi.

Mikscha ni uwiano wa hewa na mafuta yanayoingia kwenye silinda, kwa uzito. Injini ya petroli inatoa nguvu zake zote hewa ikiwa kama mara 12 na nusu ya mafuta. Unarekebisha kwa ile nobu nyekundu: sukuma yaongezeke, vuta yapungue, vuta mpaka mwisho injini inazima. Basi.

Sasa shida iko hapa. Ful richi ni mahali nobu ilipo, haikwambii silinda inapata nini. Kabureta haijui kama hewa ni nyepesi, inaendelea kumwaga mafuta tu, kwa hiyo nobu ileile iliyosukumwa mpaka mwisho inakupa kitu kimoja Mombasa na kitu kingine kabisa Wilson, ule uwanja wa ndege wa Nairobi. Wilson iko kama futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na mchana joto likifika nyuzi 25 ndege inajiona iko futi 8,000, hewa imepungua karibu moja ya tano kuliko pwani. Ukisukuma yote hapo injini inakabwa na mafuta, inakoroma kama pikipiki iliyosahaulika kwenye choki, plagi zinaota masizi, na nguvu ulizokuwa unazihitaji ili uvuke miti mwisho wa ranwei hazipo.

Najua wanaogopa nini. Pwani mafuta ya ziada yanapoza silinda na kuzuia mchanganyiko usilipuke ovyo injini ikiwa kwenye nguvu zote, na hilo ni kweli kabisa, Mombasa na Zanzibar sukuma yote. Lakini injini isiyo na tabo (kile kifaa cha kuisukumia hewa zaidi), kwa hewa ile ya futi 8,000, hata ukifungua throto yote (kile kidhibiti cha nguvu za injini) haizidi kama asilimia 75 ya nguvu zake, na kwa nguvu hizo watengenezaji wenyewe wanakuruhusu kupunguza mafuta. Kitabu cha Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, kimeandika wazi: uwanja ukizidi futi 3,000, kabla ya kupaa fungua throto yote ndege ikiwa imesimama, vuta nobu polepole mpaka RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, ifike juu kabisa. Wengi wanairudisha mbele kidogo hapo, ni busara. Yenye tabo ni habari nyingine, hiyo kwa kawaida inapaa ful richi hata huko juu, na yenye propela ya kujirekebisha usiitegemee RPM, maana propela inaishikilia ileile, angalia mtiririko wa mafuta au joto la ekzosti, fuata kitabu chake.

Kwa hiyo walimu, naomba tuseme "mikscha ya nguvu zote", tuache "ful richi". Na kwenye cheki za kutua pia, maana ukiingia Eldoret, karibu futi 7,000, ukasukuma nobu yote kwa mazoea halafu ikabidi uahirishe kutua, injini itakabwa palepale unapotaka kupanda.