Kujipiga picha nyumbani Lamu: mwanga kwanza, uso baadaye

Nilianza kujipiga picha kwa sababu ya ruhusa. Katika vichochoro vya Lamu si adabu kumwelekezea mtu kamera kabla hujamwomba, na wengi, hasa kina mama, hukataa, na hiyo ni haki yao. Mtu pekee ambaye ruhusa yake nilikuwa nayo saa zote ni mimi. Bibi yangu aliponikuta nimekaa mbele ya kamera isiyo na mtu nyuma yake, aliuliza, "Wajipiga mwenyewe, mjukuu wangu, kwani umekosa watu?" Nilimjibu kuwa ndivyo hasa.

Kazi yangu huanza na mwanga. Mji wetu uko takriban nyuzi 2 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hukaribia kusimama wima utosini, hasa mwezi Machi na mwishoni mwa Septemba, na ukikaa katikati ya kiwanda, yaani ua wa ndani wa nyumba zetu za mawe, macho yatatoka kama mashimo mawili meusi. Sogea hatua tatu tu hadi kwenye msana, ukumbi ulio wazi upande wa kiwanda, utakuta mwanga uleule umeshagonga sakafu na kuta za chokaa ukarudi laini. Sijawahi kuazima taa ya studio iliyonifaa kuliko ukuta huo.

Linalowashinda wengi ni fokasi, yaani kuilenga lenzi ili picha isitoke na ukungu, maana kamera haina cha kushika mahali ambapo hujakaa bado. Picha niipendayo zaidi ni ya kukuna nazi, niliyoipiga alasiri mwanga ulipokuwa umepungua. Niliiweka mbuzi mahali pake, nikaizungushia chaki sakafuni, kisha nikaiondoa na kuweka ndoo yenye ufagio wa chelewa uliovikwa kofia yangu. Nilifokasi kwenye nakshi za kofia, nikazima fokasi ya kiotomatiki ili isihangaike tena, nikalibana tundu la lenzi hadi f/8 ili nikiyumba kidogo uso usififie, na shata, yaani muda lenzi inavyoachwa wazi, nikaiweka robo ya sekunde. Mbuzi ikarudi ndani ya chaki, kofia ikarudi kichwani, na taima ya sekunde 10 ikanitosha kukaa na kushika kazi. Kichwa nilikituliza, mikono nikaiacha iendelee. Uso ukatoka wazi kabisa, na palipokuwa na mikono pakabaki wingu jeupe kuzunguka kifuu. Ilinigharimu nazi mbili, na wali wa usiku ule ulichelewa.

Nje ya nyumba sina ujasiri huo tena. Siku moja niliisimamisha stendi kichochoroni, nikahesabu sekunde, na punda aliyebeba mchanga akatokea konani. Punda hapishi mtu, sembuse stendi. Siku hizi nikitoka hutoka alfajiri, na mfuko wa mawe huning'iniza chini ya stendi.

Mpiga picha Samuel Fosso alifungua studio yake Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975 akiwa na miaka 13, na wateja wakishaondoka alijipiga mwenyewe kwa filamu iliyobaki, akampelekea bibi yake Nigeria aone kuwa hajambo. Bibi yangu mimi yuko chumba cha pili. Nilimpa ile ya nazi, akaigeuza mara mbili, akauliza mikono imekwenda wapi.