Pesa Ziko Ujerumani, Lakini Akaunti Bado

Mwezi uliopita mama mmoja kutoka Marangu alikuja ofisini kwangu, karibu na mnara wa saa hapa Moshi, na binti yake anayekwenda kusoma Ujerumani. Aliitoa bahasha kwenye mkoba, akainyoosha mezani kwa kiganja, akasema: "Mwanangu, akaunti ya huyu tumeshafungua. Tunataka utuelekeze tu kadi inapatikanaje."

Ndani ya bahasha kulikuwa na uthibitisho wa ile akaunti ya viza ambayo Wajerumani huiita Sperrkonto. Nikamwambia, "Mama, hongereni kwa kufika hapa. Ila hili ni sanduku lenye kufuli, na ufunguo wake binti ataupata akishafika kule."

Nilikaa benki miaka tisa, dawati la pesa za nje, na sasa kazi yangu ni kuwaandaa vijana wanaosafiri. Familia nyingi hukwama hapohapo. Tangu Septemba 2024, mwanafunzi anayetumia njia hii huweka euro 11,904 kwa mwaka kabla ya kupata viza. Kwa shilingi ni milioni 30 na zaidi, yaani kiwanja cha mtu, au kahawa ya misimu kadhaa. Akifika, pesa hizo zinafunguliwa euro 992 kila mwezi, na kwa kawaida zinatumwa kwenye akaunti nyingine ya matumizi, yenye jina lake, ambayo ameifungua mwenyewe akiwa kule. Asipokuwa nayo, zinabaki zimelala. Kuna kampuni zinazotoa akaunti zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo someni mkataba kabla ya kulipa.

Kutuma nako kuna mtego. Baba anatuma 11,904 kamili, benki ya kati inayopitisha pesa inakata chake njiani, zinafika pungufu, na uthibitisho hautoki mpaka ajazie. Kwenye fomu ya benki kuna sehemu ya kuchagua nani anabeba makato: OUR, SHA au BEN. Chagueni OUR, yaani mtumaji abebe yote, na muongeze euro kadhaa juu. Tunzeni pia karatasi zinazoonyesha pesa zilikotoka: risiti za kahawa, mkataba wa kuuza shamba, barua ya baba mdogo aliyechangia. Tanzania iliingizwa Oktoba 2022 kwenye orodha ya kijivu, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, ya FATF, chombo cha kimataifa kinachopambana na utakatishaji wa fedha haramu, ikatolewa Juni 2025. Nilikuwa bado dawatini ilipoingia, na nilikuwa napokea maswali ya benki za nje kuhusu wateja ambao hawakuwa na kosa lolote. Aliyekuwa na karatasi zake alijibu siku ileile.

Sasa mwanafunzi amefika. Kabla ya kuiwaza benki, awaze anwani. Sheria ya Ujerumani inampa wiki mbili tangu kuhamia nyumbani kwake kujiandikisha kwenye ofisi ya mji, akiwa na pasipoti na fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba. Hiyo ndiyo Anmeldung. Cheti anachopewa pale ndicho ambacho benki nyingi zitamwomba, na baada ya hapo namba yake ya mlipakodi hutumwa kwa posta.

Sisi tumekulia na S.L.P.; barua inakusubiri posta, unaifuata ukishuka mjini. Kule mpeleka barua anakuja hadi nyumbani, na anasoma jina lililobandikwa kwenye kisanduku. Kijana wangu mmoja aliyekwenda Leipzig alipanga chumba, kisanduku kikabaki na jina la mpangaji aliyetangulia. Kadi ilitumwa kwa bahasha moja, namba ya siri kwa bahasha nyingine siku tofauti, kama kawaida yao. Zote mbili zikarudishwa. Alinipigia akiwa amesimama mbele ya kile kisanduku, akanionyesha kwa simu: safu ya visanduku vya bati, na chake kina jina la mtu asiyemjua. Alikaa wiki tano akila kwa kukopa, na zaidi ya milioni 30 za wazazi wake ziko nchi ileile aliyopo. Tangu siku hiyo kila anayepita kwangu anaondoka na kipande cha karatasi chenye jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti, pamoja na gundi ya utepe. Akifika, akibandike kabla hajafungua begi.

Je, benki ikimwambia haimfungulii mgeni? Aombe fomu ya Basiskonto, akaunti ya msingi. Umoja wa Ulaya ulitoa agizo lake mwaka 2014, na sheria ya Ujerumani inafanya kazi tangu Juni 2016: mtu anayeishi Umoja wa Ulaya kihalali ana haki ya akaunti hiyo, na maombi yakikamilika benki ina siku 10 za kazi kumfungulia. Nimeona vijana wakiinuka kwenye kiti na kuondoka kwa unyonge kwa sababu ya jibu la mtu mmoja dirishani. Haki hiyo ni yao, waidai kwa adabu na kwa maandishi.

Kwenye kadi nitakuwa mfupi. Girocard, kadi ya benki za Kijerumani, hutumika zaidi ndani ya Ujerumani, na yapo maduka yanayopokea hiyo au pesa taslimu tu. Kadi ya Visa au Mastercard inayokata kwenye salio itamfaa mtandaoni na nje ya nchi. Kadi ya mkopo asiiharakie, maana mgeni hana historia ya ulipaji kwenye kumbukumbu za Schufa, kampuni inayotunza taarifa za jinsi watu wanavyolipa madeni, na maombi ya haraka huishia kukataliwa.

Wiki za mwanzo ataishi kwa kadi ya hapa nyumbani. Kabla ya kupanda ndege aende tawini, kadi ifunguliwe kwa matumizi ya nje na ya mtandaoni, na laini yake ya Tanzania iweze kupokea SMS akiwa nje. Namba za uthibitisho zinakuja kwenye laini hiyo. Ikizimwa, kuirudisha kunataka alama ya kidole chake, na kidole kiko Leipzig. ATM ya kule ikimuuliza kama ikate kwa shilingi au kwa euro, achague euro. Akichagua shilingi, mwenye mashine ndiye anayepanga bei ya kubadilisha.

Jambo la mwisho nililisema mbele ya mama na binti, nikarudia mara mbili. Wengi wanajua kwamba mtu akikuomba upitishe pesa zake kwenye akaunti yako ubaki na asilimia, hiyo ni jinai. Wasichokijua ni kwamba hata wema wetu wa kuchangiana unaweza kufungisha akaunti. Mwanafunzi mmoja alijitolea kupokea michango ya msiba, ya kumrudisha marehemu nyumbani. Ndani ya siku mbili ziliingia euro 30, euro 50, euro 20, kutoka kwa watu ambao akaunti yake haijawahi kuwaona. Benki ikaifunga na kutaka maelezo. Alipeleka nakala ya cheti cha kifo na orodha ya waliochanga, na ikachukua wiki tatu kufunguliwa, huku kodi ya chumba ikipita tarehe.

Binti aliuliza, "Sasa msiba ukitokea tusichange?" Nikamwambia mchange, tena sana, ila pesa zipite kwenye akaunti ya chama cha Watanzania wa mji huo. Kama hakuna chama, basi anayepokea aiandikie benki kabla ya shilingi ya kwanza kuingia, aeleze msiba ni wa nani na barua ya familia aiambatanishe.