Mikopo ya asilimia 10 si hela za bure

Hapa Dodoma, kuanzia vijiwe vya bodaboda hadi soko la Majengo, wengi bado wanaamini mkopo wa halmashauri ni zawadi ya serikali: ukishaupata ni wako, na usiporudisha hakuna anayeumia. Si kweli.

Tangu marekebisho ya 2018, sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya kukopesha vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Na mapato ya ndani ni pamoja na ule ushuru anaotozwa mama muuza nyanya, akapewa risiti ya mashine ya posi. Hela hizo zina jasho lake.

Ruzuku ipo kweli, ila iko kwenye riba, ambayo haitozwi. Kikundi kikikopa milioni 6 kununua mashine ya kukamua alizeti, kinarejesha milioni 6 zilezile, kisha zinakopeshwa kwa wengine. Kisiporejesha, anayekosa ni jirani anayesubiri zamu yake, na hilo linaniuma sana. Mikopo ilisitishwa 2023 ikarudi 2024. Kusitishwa huko hakukufuta deni la mtu.