Maji ya Kisima Huwa Chumvi Saa Ngapi?

Swali si langu. Liliulizwa na msichana wa Kidato cha Tatu, kengele imeshalia na wenzake wako mlangoni, naye alilitoa kama lalamiko tu: "Mwalimu, kwa nini asubuhi maji ya kwetu yanatoa povu zuri, jioni sabuni inagandaganda tu?" Kwao ni mtaa mmoja hapa Mombasa. Maji ya kunywa wananunua kwa mtungi. Ya kuoga na kufulia wanachota kwa jirani, mzee mwenye kisima, pampu na tangi juu ya paa, ambaye pia huwauzia vijana wa mikokoteni.

Nilimwambia aliandike asije akalisahau. Kesho yake tuliliweka ubaoni, na mradi wa muhula ukapatikana.

Nafundisha kemia na baiolojia hapa kisiwani, na miaka yangu ya mwanzo mradi wa mazingira ulikuwa hivi: mimi natoa mada, wao wanaleta karatasi za manila. "Athari za plastiki baharini." "Umuhimu wa mikoko." Picha za kasa zimekatwa magazetini, vichwa vya habari kwa kalamu nyekundu, maneno yamenakiliwa kutoka intaneti hadi makosa yake. Nilikuwa natoa alama nzuri. Lakini ukimwuliza mwanafunzi alitaka kujua nini, anakutazama kama umemtukana. Hakutaka kujua chochote, alitaka kumaliza.

Siku hizi sitoi mada. Nasubiri malalamiko, maana mtoto wa Mombasa ana malalamiko mengi ya mazingira: bomba kavu, mtaro unaonuka, kunguru wanaopora mandazi mkononi. Kazi yangu ni kulipunguza lalamiko mpaka liwe swali ambalo vifaa vya kabati letu vinaweza kulijibu, na ambalo jibu lake linaweza kuwa "hapana". Hilo la pili ndilo gumu. "Je, uchafu ni mbaya?" haliwezi kujibiwa hapana, kwa hiyo si swali la sayansi. "Je, maji ya kisima hiki yana chumvi zaidi jioni kuliko asubuhi?" linaweza.

Povu lenyewe tulilimaliza haraka. Maji ya bahari, ambayo hapa kisiwani hupenya chini ya visima, yana kalsiamu na magnesiamu nyingi, na madini hayo hushikana na sabuni yakafanya ule utando mweupe badala ya povu. Somo la maji magumu liko Kidato cha Nne, lakini sikuona sababu ya kumwambia asubiri mwaka mzima ili ajue kinachotokea kwenye karai lao.

Kupima chumvi ndiko kulikotutoa jasho. Njia ya kwanza waliyoifikiria ni ya jikoni: chemsha maji yakauke, pima kinachobaki. Niliwaacha waijaribu, nikijua itafeli, kwa sababu inafeli kwa namna inayofundisha. Mizani yetu inasoma hadi gramu 0.01. Chukua mililita 100 za maji yenye gramu 1 ya chumvi kwa kila lita. Yakikauka yanaacha gramu 0.1 tu. Tone dogo la unyevu chini ya bika likikukosesha gramu 0.02, umeshapoteza sehemu moja kwa tano ya jibu lako. Kikundi kimoja kilipata chumvi iliyo chini ya sifuri. Bika lao lilikuwa jepesi baada ya kazi kuliko kabla yake! Darasa zima lilicheka, kisha likanyamaza, kwa sababu hakuna aliyeweza kueleza. Ilituchukua nusu kipindi kugundua kwamba walilipima likingali moto. Hewa inayolizunguka bika la moto hupanda juu, na mizani inadanganyika. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyehitaji kukumbushwa kuacha chombo kipoe.

Mwishowe tulitumia kile kijimita kama kalamu ambacho wauza maji huchovya ndani ya mtungi kuonyesha wateja. Hakipimi chumvi yenyewe. Kinapima jinsi umeme unavyopita majini, kisha kinakisia. Na umeme hupita kwa urahisi zaidi maji yakiwa na joto, kama asilimia 2 kwa kila digrii moja, kwa hiyo chupa iliyokaa juani husomeka kuwa na chumvi zaidi kuliko dada yake iliyokaa kivulini. Kuna vijimita vinavyojirekebisha na kuna visivyojirekebisha. Sisi hatukuamini chetu. Tukaweka sheria: chupa zote zikae kivulini mpaka zilingane joto, kila chupa isuuzwe mara tatu kwa maji yale yale yatakayopimwa, na maji yachotwe kisimani kwa ndoo na kamba. Bomba la tangi ni marufuku, kwa sababu tangi linachanganya maji ya jana na ya leo.

Dhana ya darasa ilikuwa bahari, na ilikuwa dhana nzuri. Kisiwa chetu kimekaa juu ya jiwe la matumbawe ya kale, lenye vitundu kama mkate wa mofa. Mvua hupenya, na maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi yaliyopenya kutoka pembeni, kwa sababu maji ya bahari ni mazito kidogo zaidi. Kuna hesabu ya tangu karne ya 19, inayojulikana kwa majina ya Ghyben na Herzberg: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 zilizo chini yake kabla ya kuikuta chumvi. Ni kama jahazi lililosheheni. Sehemu kubwa imezama, kidogo tu kinaonekana.

Basi wakasema: maji yakijaa, bahari inasukuma chumvi, kisima kinaharibika. Hapa Mombasa wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, kwa hiyo nguvu ipo. Wakaanza siku mbili baada ya mwezi mpevu, wakapima kutoka alfajiri hadi magharibi. Na kweli, namba zilipanda taratibu mchana, zikafika kileleni alasiri, maji yalipojaa. Mchoro ulikuwa mzuri kama wa kitabuni. Wakataka kuandika hitimisho.

Aliyewazuia ni kijana wa nyuma kabisa, ambaye kwa kawaida huamka darasani kengele ikilia. Baba yake na babu yake ni wavuvi. Alisema: "Lakini bamvua maji hujaa saa kumi. Kila bamvua." Nikamwambia aendelee. "Saa kumi jioni na saa kumi alfajiri, hapo hapo tu. Sasa mtajuaje kama ni bahari au ni jioni?"

Sikuwa nimeliona hilo. Naliandika hapa waziwazi kwa sababu walimu wenzangu huniuliza nifanyeje kama wanafunzi wakinipita. Unakaa kitako unasikiliza. Saa ya kujaa husogea kama dakika 50 kila siku, lakini bamvua inaporudi baada ya wiki mbili, saa nayo imerudi pale pale ilipokuwa. Ukipima siku za bamvua pekee, bahari na saa ya siku vinatembea bega kwa bega na huwezi kuvitenganisha hata upime miaka kumi. Mvuvi analijua hilo kwa sababu ndilo linalompangia lini atoke. Mimi, mwenye shahada, nilikuwa nalijua pia, lakini katika chumba kingine cha kichwa.

Dawa ilikuwa rahisi. Wasubiri maji mafu, siku za katikati ya bamvua moja na nyingine, ambapo maji hujaa kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Kama ni bahari, kilele cha chumvi kihamie asubuhi. Wakasubiri, wakapima, na kilele kikabaki jioni vile vile.

Basi ni nini? Hapo ndipo walipolazimika kumwuliza mwenye kisima, jambo ambalo tungepaswa kulifanya tangu siku ya kwanza. Walikuwa wakichota kwa ruhusa ya mama wa nyumbani, mzee hawajamkabili. Nilikwenda nao.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mwataka kunifungia kisima?"

Ilibidi tueleze kwanza kwamba hatukutumwa na ofisi yoyote. Alipotulia akauliza tumeona nini, akatazama mchoro, akacheka. "Kisima kikivutwa sana hukasirika. Hilo hata baba yangu alilijua." Yeye huwasha pampu saa tatu mikokoteni ikianza kuja na huizima baada ya alasiri. Asubuhi kisima kimepumzika usiku kucha. Jioni kimechoka.

Rudi kwenye ile hesabu ya 1 kwa 40. Pampu ikishusha maji matamu kidogo kisimani, chumvi iliyo chini huinuka kwa wingi zaidi kulifuata tundu hilo, ikifanya umbo la koni chini ya kisima. Ukiacha kuvuta, koni hushuka pole pole. Walitaka kumwomba mzee azime pampu siku nzima ili wahakikishe. Nikawaambia hiyo ni riziki ya mtu, hatuombi. Lakini Sikukuu ya Idd ilikuwa inakaribia, na siku hiyo mikokoteni haiji. Wawili walijitolea kwenda kupima wakiwa wamevaa nguo zao mpya. Namba za jioni ile hazikupanda. Ni siku moja tu, na kwenye ripoti wameandika hivyo, kwamba ni siku moja tu. Nilifurahia sentensi hiyo kuliko mchoro.

Si kila lalamiko lina bahati hiyo. Kikundi cha ufukweni kilitupa mraba wa mbao wa mita 1 ili kuhesabu taka popote utakapoangukia, nikagundua kwamba "kutupa" maana yake ni kuuweka taratibu palipo na chupa nyingi. Tukaanza upya kwa kamba na namba za kubahatisha. Waliotaka kupanda mikoko niliwarudisha wakahesabu kwanza miche iliyopandwa na wageni kwenye mkono wa bahari wa Tudor: mingapi ingali hai? Kupanda ni sherehe, kuhesabu ni kazi. Miti hii ina mitaa yake. Mlilana hukaa mbele ukitazama bahari, mkoko wenyewe nyuma yake, mkandaa nyuma zaidi. Watu hupanda mkoko kila mahali kwa sababu mche wake mrefu ni rahisi kuuokota na kuuchomeka, kisha wanashangaa umekufa.

Na kuna maswali ninayoyakataa. Mwaka mmoja waliomba kupima madini ya risasi kwenye udongo wa Owino Uhuru, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru wakazi. Phyllis Omido alipata Tuzo ya Goldman mwaka 2015 kwa kupigania kijiji hicho, na Julai 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Maabara ya shule haina kifaa cha kupima kiasi kidogo cha risasi kwa uhakika. Mwanafunzi akimwambia mama wa pale kwamba udongo wake ni salama, na si salama, nani atambebea mzigo huo? Niliwapa habari za kesi wasome. Walinuna.

Suala hilo la nani anaambiwa nini lilirudi tena kisimani. Yule msichana hakuridhika na chumvi; alitaka kujua kuhusu vyoo vya shimo vya jirani. Kuna kipimo rahisi: chupa yenye karatasi iliyolowekwa dawa yenye chuma ndani yake. Vijidudu vingi vinavyotoka tumboni hutengeneza haidrojeni salfaidi, na gesi hiyo ikikutana na chuma, maji huwa meusi. Unaacha chupa mahali penye joto siku moja au mbili, huifungui mpaka mwisho, na ukimaliza unaiua kwa klorini. Haisemi ni kijidudu gani. Inasema tu kwamba kuna dalili ya kinyesi.

Ya kwetu ilikuwa nyeusi tii kesho yake asubuhi. Wengine walitaka kuipiga picha waipeleke kwenye mashindano, ambako majaji hupenda kitu cha kuonekana kwa macho. Tulibishana kipindi kizima. Mwishowe walikubaliana kwamba mwenye kisima ndiye wa kwanza kuiona, na jina lake wala mtaa wake havitaandikwa popote.

Mzee aliishika chupa, akaigeuza kwenye mwanga. "Nani mwingine ameiona hii?"

"Sisi tu, mzee, na mwalimu."

Msichana akamweleza kuhusu klorini, na kwamba watu wasisukutulie maji hayo kabla ya kuyatia dawa. Alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akaniuliza mimi kama tunayo chupa nyingine, ya kisima cha msikitini.